Mpaka Nilioung'oa

Nje ya jengo ninamofanyia kazi, Westlands, wamepanda maua mapya. Walikuja na lori, wakachimba mtaro kando ya maegesho, wakapanga vitunguu vya yungiyungi kwa mstari, wakamwagilia maji na kuondoka. Wenzangu walipita wakisifu jinsi mahali palivyopendeza. Mimi nilisimama pale na mkoba begani. Kitunguu kimoja kilikuwa kimekwaruzwa na jembe, harufu yake ikanipanda puani, na hasira niliyokuwa nayo nikiwa na miaka kumi ikarudi yote, haijapungua hata kijiko. Ni harufu ya kitunguu maji kilicholala kwenye udongo mbichi, na nyuma yake kuna utamu kidogo wa ua. Utomvu wake ukikushika, mikono inakuwasha mpaka kesho yake.

Watu wema huniambia nisamehe. Nimewasikia. Nimekaa na jambo hili miaka mingi, nimeligeuza kila upande, na sijaona mahali pa kuanzia kusamehe. Wewe uliyekua wakati ule nilipokua mimi, huenda nawe una mtu wako wa namna hii ambaye jina lake likitajwa unaacha kutafuna. Basi tutaelewana.

Cucu, yaani nyanya yangu mzaa mama, alikuwa na shamba Kangemi. Usifikirie makubwa. Kilikuwa kipande chembamba na kirefu kama mkanda, kikianzia barabarani juu na kuteremka mpaka mtoni. Juu palikuwa na nyumba yetu ya mabati na vyumba viwili vya kupangisha. Katikati tulipanda mahindi na maharagwe. Chini kabisa, penye majimaji, palikuwa na nduma, yaani magimbi, na majani yake yalikuwa mapana hata nikinyeshewa nilikata moja nikajifunika. Zile nduma ndizo zilizoninunulia sare, vitabu na mafuta ya taa ya kusomea. Mama alifanya kazi Ngara, katika duka la jumla la vitambaa la familia moja ya Wahindi. Aliondoka kabla sijaamka na kurudi miguu imevimba, na mshahara wake uliishia kwenye nauli na unga. Kwa hiyo ukiuliza tulikuwa na nini hapa duniani, tulikuwa na kile kipande cha mtoni.

Ng'ambo ya mto ilikuwa Muthangari: kuta ndefu, miti mirefu, na mbwa waliobweka kwa zamu. Cucu akiinama kuchimba nduma aliweza kuinua kichwa na kunionyesha kwa kidole, "Pale penye paa jekundu ndipo mama yangu alinizaa." Mimi niliamini alizaliwa ndani ya nyumba ile yenyewe, yenye madirisha ya vioo na bustani, kisha familia yetu ikafilisika. Siku moja nilimwuliza kwa nini waliiuza. Cucu alicheka mpaka akaketi. Alinieleza kwamba wakati huo palikuwa na vibanda vya nyasi na mbuzi, na kwamba chifu alimjia baba yake, mzungu akiwa nyuma yake juu ya farasi, akamwambia kufikia Jumamosi awe amevuka mto na kila kilicho chake. Uhuru ulipokuja, mzungu aliuza kwa mtu mweusi mwenye pesa, na huyo hakuwa wa kwetu. Alilieleza jambo hilo kwa sauti ileile aliyotumia kueleza jinsi ya kupika githeri, na mimi nikalipokea hivyohivyo.

Kati ya shamba letu na la jirani, kutoka barabarani mpaka mtoni, palikuwa na mstari wa matoka. Ndiyo hayo mayungiyungi: majani marefu yaliyolegea, kitunguu kikubwa kama kichwa cha mtoto, na ua jeupe lenye mistari ya waridi. Ng'ombe wetu hakuyala. Cucu hakuyachuma wala hakuniruhusu kuyachuma. Kila mvua za masika zilipoanza, yeye na yule mzee jirani waliufuata mstari ule pamoja, kila mtu upande wake, wakipalilia taratibu kutoka juu mpaka chini, wakiongea habari za magonjwa na wajukuu. Walipofika mtoni walipeana mikono na kila mmoja akaenda zake. Mimi nilidhani ni urafiki tu, kwamba wazee wanapenda maua.

Hakuna aliyenieleza. Kwetu hakuna mtu aliyeketi na mtoto kumwambia kwamba itoka likishapandwa mpakani haling'olewi, kwamba anayeling'oa anajilaani yeye na nyumba yake, kwamba wazee wakiitwa kuamua ugomvi wa shamba swali la kwanza ni matoka yako wapi. Hawakunieleza kwa sababu hawakufikiri kuna mtu asiyejua. Shuleni, mwalimu alitupa ramani ya Kenya tupake mpaka kwa penseli nyekundu, akatuambia ile mistari iliyonyooka ilipigwa na wazungu kwa rula, huko kwao, wakiwa wameketi mezani. Nikaelewa, kwa akili yangu, kwamba mipaka yote inaishi kwenye karatasi. Wetu ulikuwa ndani ya mkebe wa biskuti chini ya kitanda cha Cucu, hatimiliki iliyofungwa kwa karatasi ya nailoni. Mkebe upo, mpaka upo. Nikaridhika.

Mzee jirani alikufa, na wanawe wakauza nusu ya chini ya shamba lao kwa Mheshimiwa. Tulimwita hivyo ingawa hakuwa amechaguliwa na mtu yeyote kwa lolote. Alikuwa mkubwa katika shirika fulani la serikali, akastaafu akiwa na magari yasiyolingana na mshahara wake, na watu wakakosa jina jingine la kumwita. Alijenga ghorofa mbili upande wetu wa mto. Kisha akajenga daraja lake mwenyewe, lango likatazama ng'ambo, na barua zake zikawa zinaandikwa Muthangari. Sisi tuliokuwa hatua chache kutoka jikoni kwake tulibaki Kangemi.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi serikali ilibadilika. Mnaukumbuka. Watu wasiojuana walikumbatiana barabarani, abiria walimlazimisha askari wa trafiki kurudisha hongo wakitaka kumkamata, na redio ikasema ardhi iliyonyakuliwa itarudishwa. Cucu alitoa mkebe wake, akaupangusa vumbi, akaurudisha. Nilimwuliza kama sasa tutapewa mahali penye paa jekundu, akaniambia tungoje. Mheshimiwa alikuwa wa chama kilichoanguka, na mimi nilitarajia kumwona akifungasha. Alichobadilisha ni kofia. Wiki chache baadaye alikuwa mbele kanisani kwetu akishukuru Mungu kwa mwamko mpya, na mwaka huohuo akaanza kusema atagombea kiti.

Kila asubuhi nilimpelekea mkewe maziwa ya ng'ombe wetu. Huyo ndiye Madam. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, mwenye mikono laini na sauti ambayo haikupanda hata akimfokea mbwa. Alinikaribisha jikoni, akaniruhusu kutazama katuni bintiye akinywa chai, akanipa kitabu cha hadithi chenye picha. Alisema nina akili. Usimwambie mtoto wa miaka kumi kwamba ana akili kama hutaki akupende. Aliniongelesha Kiswahili na Kiingereza tu, na sikuwahi kusikia neno la Kikuyu mdomoni mwake. Nilidhani watu wakitajirika lugha inawatoka yenyewe.

Aprili, shule zikiwa zimefungwa na mvua imeanza, Cucu alienda Limuru kumwuguza dada yake. Alikaa majuma mawili. Siku ya pili tu, Madam alisimama nami kwenye baraza ya nyuma, akatazama upande wetu.

"Ile maua iko pale kando ya mahindi yenu, mnaitaga aje?" aliniuliza.

Nilimwambia ni matoka. Akalirudia jina polepole, akikosea, na mimi nikamsahihisha. Akarudia tena. Nilijisikia mwalimu.

"Ni poa sana. Na hata hamuitumii. Unaweza nisaidia tuipande huku mbele, kwa driveway? Wewe ndio unajua mambo ya shamba."

Nilichimba siku sita. Watu hawajui vile kitunguu cha itoka kinavyokwenda chini. Unachimba, unafika kwenye shingo, unaona umemaliza, kumbe ndio umeanza. Nilipiga magoti kwenye matope na jembe la Cucu lililokatwa mpini likanitosha, nikachimbua moja baada ya jingine kutoka mtoni kupanda juu, mpaka pale shamba la Mheshimiwa lilipoishia. Mikono iliniwasha hata nikashindwa kushika kijiko. Niliyabeba kwenye gunia mara mbili tatu kwa siku, nikavuka ua wao, na Madam akanionyesha pa kuyapanda kandokando ya njia ya gari, upande wa daraja, ambako kutoka kwetu hakuonekani. Alinisifu kila safari. Jioni ya kwanza aliniita akaniambia nisiache mashimo wazi, nijaze udongo na kukanyaga vizuri, ng'ombe wa cucu asije akavunjika mguu. Nikaona ana roho nzuri, hata ng'ombe wetu anamfikiria. Nilijaza, nikakanyaga, nikapanda juu yake maharagwe. Mama hakuona kitu, maana aliondoka gizani na kurudi gizani. Nilipomaliza, Madam alinipa viatu vyeusi vya kung'aa vilivyokuwa vimembana bintiye. Vilinibana na mimi, lakini nilivivaa.

Cucu alirudi Jumatano. Aliteremka shambani kabla hata hajanywa maji. Nilimfuata nikirukaruka, nikitaka kumwonyesha maharagwe yangu yaliyoota. Alisimama, akatazama mtoni, akatazama juu, kisha akaketi chini kwenye tope na nguo yake ya safari. Aliniuliza matoka yako wapi. Sikuwahi kuona uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyeamka akakuta nyumba haina paa. Nikasema sijui. Neno hilo lilinitoka kabla sijafikiri, na baada ya hapo sikujua jinsi ya kulirudisha.

Mwezi wa sita alikuja mpima ardhi aliyeletwa na Mheshimiwa, na chombo chake cha miguu mitatu. Alikuwa kijana mwenye adabu, akamsalimia Cucu kwa mikono miwili. Cucu alileta mkebe, akatoa hatimiliki, akaikunjua juu ya ndoo iliyopinduliwa. Yule kijana aliitazama kwa heshima na kumwambia kwamba karatasi hii inasema tu shamba ni lako. Ramani yake haionyeshi mpaka kamili unapita wapi. Kwa mashamba ya huku, mpaka ni alama iliyo ardhini, ua au mti au kitu kilichopandwa. Akauliza, alama iko wapi, cucu? Nilikuwa nimesimama pembeni na viatu vyangu. Yale yote niliyoyajua kuhusu mipaka, rula na penseli nyekundu, yalinianguka miguuni. Mpima ardhi alipanda vigingi vipya. Vilipita katikati ya mahindi yetu, na nduma zote zikabaki upande wa Mheshimiwa.

Shauri lilisikizwa kwa chifu, mbele ya wazee wanne. Cucu alimwomba mama achukue ruhusa kazini, mama akanyimwa, kwa hiyo Cucu alikwenda na mimi. Wazee waliuliza swali nililokwambia. Cucu akasema matoka yalikuwepo tangu baba yake avuke mto, na sasa upande wa chini hayapo, na hajui nani ameyang'oa. Hapo Madam aliinuka. Alizungumza Kikuyu. Alizungumza Kikuyu kizito, cha ndani, kile cha wazee, chenye salamu zote na heshima zote, akasema yeye amelelewa na nyanya yake katika shamba lililozungukwa na matoka, analijua itoka hata gizani kwa kulishika jani, na tangu wanunue pale hajawahi kuona hata moja. Nilimtazama mdomo. Nilimkumbuka akilirudia jina nililomfundisha, akikosea.

Kisha alinigeukia. Aliniwekea mkono kichwani, kwa upole ule ule, na kurudi kwenye Kiswahili.

"Hata huyu anakuanga kwetu kila siku. Sema tu ukweli, usiogope. Umewahi kuona maua hapo?"

Wazee wote walinitazama. Cucu alinitazama. Kama ningesema ndiyo, ningeulizwa yalikwenda wapi, na ningesema nani ameyang'oa, na neno langu la Aprili lilikuwa bado limekaa hapo katikati yetu. Nilitikisa kichwa. Chifu aliandika kitu, akasema hata mjukuu wake mwenyewe hajaona. Ikawa imeisha. Tukirudi, Cucu alisema jambo moja tu, kwamba baba yake alihamishwa na chifu aliyesimamiwa na mzungu, na yeye amehamishwa na chifu peke yake.

Ukuta wa Mheshimiwa ulianza kujengwa Julai. Mafundi walichimba msingi, wakang'oa nduma kwa sururu na kuzitupa juu ya rundo la kokoto, kubwa kwa ndogo, zilizoiva na zisizoiva. Cucu alisimama mahindini akiangalia. Hakulia. Alikuwa anahesabu mistari kwa midomo, kama alivyofanya siku za kuuza, na hapo ndipo nikashindwa. Nilimshika nguo nikamwambia yote: Madam, gunia, siku sita, viatu, maharagwe. Nilingoja kupigwa. Ningependa angenipiga.

Aliniuliza Madam aliniomba kwa lugha gani. Nikasema Kiswahili. Akauliza kama alijifanya halijui jina. Nikasema nilimfundisha. Sauti ya Cucu ilikuwa kavu. Alisema mtu akiiba usiku ana aibu kidogo, lakini huyu alichukua mikono ya mtoto wangu. Akaniambia nikaoge.

Nenda kaulize mtu yeyote wa rika letu aliyelelewa katika kanisa kama letu, atakwambia Jumapili ya mavuno ilivyokuwa. Kila nyumba huleta ilichovuna: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, kuku aliyefungwa miguu, mayai kwenye bakuli. Baada ya ibada vinapigwa mnada kwa ajili ya jengo la kanisa. Watu hununua kuku kwa bei ya mbuzi kisha wanamrudishia mjane aliyemleta. Na kitu kikikosa mnunuzi, Mheshimiwa huinua mkono. Hiyo ilikuwa kazi yake. Alikaa kiti cha mbele na Madam, akizungumza na simu yake chini ya Biblia, na mnadi aliponyamaza aliinua mkono bila hata kutazama, na watu walipiga makofi. Hivyo ndivyo alivyokuwa akinunua kura zetu, tena mbele ya madhabahu.

Jumamosi ya kuamkia mavuno, mchana jua likiwaka, Cucu alinipa jembe lile lile. "Kalete moja," alisema. "Lenye ua." Mlinzi wa lango la Madam alinifungulia, alinijua, akafikiri nimetumwa. Ulikuwa msimu wa kiangazi, matoka ya watu wengine yalikuwa yamelala, lakini ya Madam yalikuwa yamechanua mstari mzima, maana yeye alikuwa na mfereji. Nilichagua kubwa zaidi. Nilichimba bila haraka mpaka chini kabisa, nikalibeba na udongo wake. Sikuogopa hata kidogo. Nilitamani atoke anione.

Kanisani Cucu alilifunika kwa leso ndani ya karai, akaliweka mwishoni mwa mstari wa mavuno. Mnadi alikuwa mzee mmoja wa kanisa, mtu wa mzaha na sauti kubwa, aliyeweza kukufanya ununue ndimu moja na ujione mtakatifu. Alimaliza kuku, akamaliza maboga, akafika kwenye karai, akavuta leso huku akitania kwamba huenda nyanya ametuletea keki. Mzaha wake ulikatikia hapo. Aliliangalia itoka, akamwangalia Cucu.

"Hayo ndiyo mavuno niliyobakishiwa," Cucu alisema kwa Kikuyu. "Piga mnada."

Wanawake wazee waliokuwa benchi za kushoto waliacha kujipepea. Vijana walicheka kidogo kisha wakaona mama zao hawacheki. Mnadi aliita bei, sauti chini. Hakuna aliyejibu. Nani atanunua mpaka wa mtu? Aliita tena, pakawa kimya hata nikasikia kuku waliofungwa wakikwaruza sakafu. Na Mheshimiwa, kichwa kikiwa kimeinamia simu, aliposikia kimya kile alichokizoea, aliinua mkono.

Madam alimshika mkono wa koti na kuuvuta chini, lakini watu wote walikuwa wameshaona. Hakuna aliyepiga makofi. Ndipo Mheshimiwa akainua macho kutafuta makofi yake.

Mnadi aliuliza, kwa sababu ilimbidi kuuliza, itoka hili limetoka wapi. Cucu alinisukuma mgongoni. Nilitembea mpaka mbele, nikasimama kando ya karai, nikasema kwa Kikuyu ili pasiwe na wa kusema hakuelewa.

"Hili nimeling'oa jana langoni kwa Madam. Na yote yaliyo pale niliyang'oa mimi, kwenye mpaka wa Cucu. Madam ndiye aliyenituma. Kwa chifu nilidanganya."

Sikulia. Nilimtazama yeye tu, nikaona shingo yake ikibadilika rangi juu ya mkufu. Mwanamke mmoja mzee sana, ambaye kila mtu alimheshimu, aliinuka na kutoka nje akiegemea fimbo yake. Mwingine akamfuata. Benchi za kushoto zilitoka zote, moja baada ya nyingine, polepole, bila neno, na ilibidi zipite mbele ya kiti cha Madam ili zifike mlangoni. Nilifurahi. Nasema wazi, maana tumefundishwa kuficha mambo kama haya: nilifurahi kwa mwili wote, na hata leo nikikumbuka ile shingo nafurahi.

Shamba halikurudi. Ukuta upo mpaka leo, na hatimiliki ya Mheshimiwa ina muhuri wa ofisi iliyoahidi kurudisha ardhi ya watu. Ng'ombe tulimuuza, kwa kuwa majani yake yalikuwa kule chini, na mimi nilibadilishiwa shule. Lakini kijakazi wa Madam aliondoka mwezi huo, na aliyemfuata hakumaliza juma. Watu walikataa kumlimia. Uchaguzi ulipofika, Mheshimiwa alipata kura chache hata katika kituo alichopigia yeye. Kisha akaanguka bafuni, upande mmoja wa mwili ukafa, na Madam akaja kwetu.

Alikuja mchana na pikapu. Hakupitia daraja lake; alizunguka mpaka barabarani juu, akashuka mlangoni petu akiwa amejifunga kitambaa kichwani kama mwanamke yeyote. Nyuma ya pikapu palikuwa na magunia. Alikuwa ameyang'oa matoka yote. Alimsalimia Cucu kwa Kikuyu, salamu ndefu, na kumwomba ayapokee matoka yake, na ikiwezekana aseme neno mbele ya wazee, ili jambo hili liishe nyumbani kwake, maana mzee hali vizuri na watoto wanaogopa.

Cucu alimkaribisha kiti. Alimtengenezea chai, akamngojea mpaka akamaliza kikombe. Kisha akamwuliza, "Na shamba?"

Madam aliangalia mikono yake. Ilikuwa imejaa vipele vya utomvu. Alisema hilo limeshaandikwa kwa jina la watoto, hilo yeye hana uwezo nalo. Lakini haya anaweza kurudisha.

"Basi nitayapanda wapi?" Cucu akamwuliza.

Alingoja jibu kweli. Aliketi mikono mapajani na kumtazama usoni, bila hasira. Mwishowe Madam aliinuka. Dereva alianza kushusha gunia la kwanza, Cucu akamwambia alirudishe, hapa hatuna nafasi. Madam alinigeukia mimi, akaniita kwa jina langu, akaniomba niongee na cucu wangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimtazama mpaka akashuka kizingiti, kisha nikafunga mlango, nikauegemea kwa mgongo mpaka niliposikia pikapu ikiondoka na mzigo wake.